Redio ya gari la Japani haivuki 90 FM: Sababu, na mambo ya kujua kabla ya kufunga mpya

Gari limetoka bandarini, injini haina tatizo, viti bado vina nailoni. Mwenye gari anawasha redio na kutafuta stesheni anayoizoea. Namba zinapanda hadi 90, kisha zinarudi 76. Hazivuki hapo hata akibonyeza mara ishirini.

Wengi wakikutana na hali hiyo huamini wameuziwa gari lenye redio mbovu. Kumbe redio ni nzima kabisa, ila ilitengenezwa kwa matumizi ya nchi nyingine. Ndiyo maana baadhi ya wanaonunua gari lililotumika kutoka Japani hupita kwa fundi redio ndani ya wiki za mwanzo.

Kubadilisha redio ya gari si kazi kubwa. Ikifanywa vizuri huchukua saa chache na gari linabaki salama. Ikifanywa ovyo, mwenye gari anaweza kuamka asubuhi akakuta betri imekufa, spika zimeungua au, kwa hali mbaya zaidi, moshi unatoka kwenye dashibodi. Tofauti kubwa iko kwenye nyaya, na hapo ndipo wanunuzi wengi hawatazami.

Kwa nini namba zinaishia 90?

Redio ya FM husikika kwa masafa yanayopimwa kwa megahezi. Namba inayotajwa na mtangazaji, kama 93.7 au 98.4, ndiyo masafa ya stesheni hiyo.

Japani ilijipangia FM yake kati ya 76 na 90. Eneo la juu ya hapo, 90 hadi 108, lilitumiwa na chaneli za kwanza za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilipozimwa mwaka 2011, na katika mikoa 3 iliyopigwa na tetemeko la ardhi mwaka 2012, nafasi ilipatikana na FM ikaongezewa hadi 95. Kwa hiyo magari ya Japani ya miaka ya karibuni yanaweza kufika 95, lakini ya zamani yanagota 90.

Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia FM ya 87.5 hadi 108, sawa na Ulaya. Redio inayoishia 90 inagusa kipande cha 87.5 hadi 90 tu, ambacho ni kama sehemu moja kati ya nane ya bendi nzima.

Mifano iko wazi. Dar es Salaam, Wasafi FM iko 88.9, kwa hiyo inasikika hata kwenye redio ya Japani. EFM iko 93.7, hivyo redio ya zamani haiipati. Times FM iko 100.5, nayo haipatikani. Nairobi, Capital FM iko 98.4, na mwenye gari jipya kutoka Mombasa ataisikia kwa jirani tu.

Si stesheni peke yake

Redio nyingi za Japani zenye kioo zina matatizo mengine ambayo hayaonekani siku ya kwanza.

La kwanza ni lugha. Menyu zote ni za Kijapani, na kwenye redio nyingi hakuna sehemu ya kubadilisha.

La pili ni ramani. Inaonyesha barabara za Tokyo na Osaka, na haina habari na Morogoro wala Nakuru.

La tatu ni televisheni. Mfumo wa dijitali wa Japani hauendani na ule unaotumika Afrika Mashariki, kwa hiyo kitufe cha TV ni cha kutazama tu.

La nne ndilo linalowakuta wengi bila kutarajia. Baadhi ya redio hizo, betri ya gari ikichomolewa, zikirudi hudai namba ya siri au kadi ya SD yenye ramani iliyobaki Japani. Mtu amekwenda kubadilisha betri tu, anarudi na kioo kilichojifunga. Hapo hata muziki uliokuwa unapigwa jana haupigwi tena.

Kuna na ile sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani kila gari linapowashwa. Hiyo mara nyingi siyo redio. Ni kifaa cha kulipia barabara za Japani, kinachokumbusha kuwa kadi ya malipo haijawekwa. Kufunga redio mpya hakutakinyamazisha. Fundi anatakiwa kukichomoa chenyewe.

Njia ya bei chee: kipanua bendi

Asiyetaka kubadilisha redio ana njia ya kati. Ni kidude kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda. Kinachomekwa kati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kuzishusha namba za stesheni ili redio ya Japani izikubali.

Tuseme kimeandikwa 12. Maana yake kinapunguza megahezi 12 kwa kila stesheni. EFM ya 93.7 itakuwa kwenye 81.7. Times FM ya 100.5 itakuwa kwenye 88.5. Dereva anazoea kufanya hesabu, maisha yanaendelea.

Lakini kina mipaka yake. Cha 12 kinafikisha hadi 102 tu, na stesheni za juu ya hapo bado hazipatikani. Cha 18 kinafika 108 ila kinaanzia 94, kwa hiyo EFM inaangukia nje. Hakuna kimoja kinachofunika bendi nzima kwa redio inayoishia 90.

Pia mawimbi hupungua nguvu kidogo yakipita humo, na stesheni mbili zinaweza kugongana. Kwa cha 12, stesheni halisi ya 88.9 na ile ya 100.9 zote zinatua sehemu moja.

Kwa mtu anayesikiliza stesheni mbili tatu tu, kipanua bendi kinatosha. Kwa anayetaka bendi nzima, bluetuzi, simu na kamera ya nyuma, redio mpya ndiyo jibu.

Kipimo cha tundu kwanza, urembo baadaye

Kosa la mwanzo hufanyika dukani. Mnunuzi anapenda kioo kikubwa, analipa, anafika kwa fundi, redio haiingii.

Redio za magari zina vipimo vya kimataifa. Ndogo, maarufu kama DIN moja, ina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Kubwa, DIN mbili, ina upana uleule lakini kimo ni milimita 100.

Toyota na Daihatsu wana utaratibu wao. Magari yao mengi yana tundu la upana wa milimita 200. Redio ya kawaida ya 180 ikiwekwa humo, inabaki nafasi ya sentimita moja kila upande. Nafasi hiyo huzibwa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa kando, au mnunuzi achague redio iliyotengenezwa kwa upana wa 200. Bila hivyo, dashibodi inabaki na mianya inayoingiza vumbi, na redio inatikisika barabara ikiwa mbovu.

Vioo vya inchi 9 na 10 vinahitaji fremu ya gari husika. Fremu ya Vitz haikai kwenye Noah, na hata gari la jina moja linaweza kubadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Mnunuzi anapaswa kwenda dukani akijua jina la gari, mwaka na, ikiwezekana, picha ya dashibodi yake kwenye simu.

Jambo jingine la kuangalia ni kioo kisizibe matundu ya AC wala kitufe cha taa za hatari. Kitufe hicho kinahitajika siku gari linapozimika katikati ya barabara, na dereva hatakuwa na muda wa kukitafuta nyuma ya kioo.

"Redio ya Android" na Android Auto si kitu kimoja

Sokoni kuna aina tatu kuu.

Ya kwanza ni redio ya kawaida isiyo na kioo kikubwa. Ina FM, USB na bluetuzi. Ni rahisi, haina mambo mengi, na kwa gari la kazi inatosha kabisa.

Ya pili ni yenye kioo kinachounganishwa na simu kupitia CarPlay ya Apple au Android Auto ya Google. Hapa akili yote iko kwenye simu. Ramani, muziki na kupokea simu vinaendeshwa na simu, redio inaonyesha tu. Simu ikiboreshwa, na kilichoko kwenye kioo kinaboreka.

Ya tatu ndiyo inayoitwa mtaani redio ya Android. Hii ni kama tableti iliyofungwa kwenye dashibodi. Ina programu zake, hifadhi yake, na inahitaji intaneti yake. Mara nyingi huchukua bando kutoka kwenye simu ya dereva.

Muuzaji akisema "hii ni Android", mnunuzi aulize ni Android ipi. Redio ya aina ya tatu inaweza kuwa haina Android Auto kabisa. Jawabu zuri ni la vitendo. Simu iunganishwe palepale dukani, ramani ifunguke, wimbo upigwe, ndipo pesa itoke.

Kwa redio za Android, namba nyingine ya kutazama ni RAM. Yenye GB 1 huanza kusuasua mapema, hasa ramani na muziki vikifunguliwa kwa pamoja. Na zipo ambazo menyu yake imechakachuliwa ionyeshe RAM kubwa au toleo jipya la Android kuliko ukweli. Kufungua programu tatu kwa mkupuo na kuruka kutoka moja hadi nyingine kunasema ukweli zaidi kuliko kibandiko cha boksi.

Wati 200 za boksi ziko wapi?

Boksi nyingi huandikwa "50W x 4". Kwa hesabu ya haraka ni wati 200, na muuzaji ataitaja kwa sauti kubwa.

Sasa geuza redio utazame fyuzi iliyo nyuma. Nyingi zina fyuzi ya ampea 10. Umeme wa gari injini ikiwa inaunguruma ni kama volti 14.4. Zidisha na 10, unapata wati 144. Hicho ndicho kiwango cha umeme ambacho redio inaweza kuchukua kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na sehemu yake inapotea kama joto.

Redio haiwezi kutoa 200 huku inaingiza 144. Namba ya 50 ni ya kilele cha sekunde kidogo. Kwa mfululizo, redio nzuri hutoa kati ya wati 15 na 22 kwa kila spika.

Hiyo inatosha kwa gari dogo. Ila anayetaka besi ya kutikisa vioo asidanganyike kwamba redio peke yake itafanya kazi hiyo. Atahitaji amplifaya yenye waya wake kutoka kwenye betri, na waya huo uwe na fyuzi yake karibu na betri.

Nyaya: hapa ndipo kazi yenyewe

Nyuma ya redio mpya hutoka shada la nyaya zenye rangi. Rangi hizo kwa redio nyingi za dukani zina maana moja:

- Njano: umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Huhifadhi kumbukumbu ya stesheni na saa.
- Nyekundu: umeme unaokuja funguo ikizungushwa.
- Nyeusi: ethi, yaani bodi ya gari.
- Bluu: umeme wa antena.
- Bluu yenye mstari mweupe: kuwasha amplifaya.
- Rangi ya chungwa: mwanga wa vitufe taa za gari zikiwashwa.
- Nyeupe na kijivu: spika za mbele, kushoto na kulia.
- Kijani na zambarau: spika za nyuma, kushoto na kulia.

Kila spika ina nyaya mbili. Wenye mstari mweusi ndio hasi.

Tatizo ni kwamba rangi za upande wa gari hazifuati orodha hiyo. Kila kampuni ina rangi zake. Fundi anayeunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi bila kupima anabahatisha. Fundi wa kweli ana mita mkononi, anapima upi una umeme muda wote na upi unakuja na funguo.

Njia iliyo salama zaidi ni soketi ya kuunganishia. Toyota nyingi zina soketi mbili nyuma ya redio, moja ya matundu 10 na nyingine ya matundu 6. Madukani zinauzwa soketi za kuzipokea, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na redio yenyewe. Upande mmoja unachomekwa kwenye soketi ya gari, upande wa pili unaungwa na nyaya za redio mpya. Waya wa gari haukatwi hata mmoja.

Fundi anayetoa koleo na kukata soketi ya kiwandani anaokoa dakika kumi zake na kumwachia mwenye gari tatizo la miaka. Siku redio hiyo ikitolewa, hakuna pa kuchomeka nyingine. Nyaya zinabaki zinaning'inia zimefungwa tepu, na tepu ikipata joto la dashibodi gundi yake inalegea.

Palipo na muungano, waya ziunganishwe kwa lehemu au viunganishi vya kubana, kisha zifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu siyo kuunganisha.

Makosa manne yanayogharimu

*Njano na nyekundu kufungwa pamoja.* Fundi akiziunga zote kwenye umeme wa betri, redio haizimiki funguo ikitolewa, au inabaki macho ndani kwa ndani. Tuseme inakula nusu ampea. Kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ndogo ya ampea-saa 36 inamalizwa ndani ya siku tatu, na kabla ya hapo itashindwa kuzungusha injini. Redio iliyofungwa vizuri ikizimwa hutumia miliampea chache tu. Zikiungwa zote kwenye funguo, betri inapona lakini stesheni na saa hufutika kila gari linapozimwa.

*Fyuzi kuondolewa au kuongezwa.* Fyuzi ni kitu kilichotengenezwa kiungue ili waya usiungue. Ikikatika, kuna sababu. Kuweka ya ampea 30 mahali pa 10, au kuzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuuambia waya uwe fyuzi wenyewe. Na waya huo umepita nyuma ya plastiki, sponji na zulia. Kitakachofuata ni moto, na gari linalowaka ndani haliwapi watu muda mrefu wa kutoka.

*Waya hasi wa spika kufungwa kwenye bodi.* Zamani baadhi ya magari yalifungwa hivyo. Redio za sasa zinasukuma umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, kwa hiyo mmoja ukigusa bodi, redio inaweza kuua sehemu yake ya sauti hapohapo. Dalili ni redio mpya inayowaka kioo lakini haitoi sauti.

*Waya wa bluu kusahaulika.* Magari mengi yana kikuza mawimbi kidogo kwenye antena, hasa antena za kwenye kioo au zile fupi za juu ya paa. Kikuza hicho kinahitaji umeme. Fundi asipounga waya wa bluu, redio mpya inashika stesheni mbili na mikwaruzo mitupu, na mwenye gari anairudisha dukani akisema ni feki.

Redio mpya nayo inaweza kugota 90

Hili huwashangaza wengi. Redio imetoka kwenye boksi, imefungwa vizuri, lakini stesheni hazipatikani zote.

Kabla ya kulaumu, iangaliwe sehemu ya eneo kwenye menyu. Redio nyingi za dukani huuzwa dunia nzima na zinaruhusu kuchagua. Ikiwa imewekwa Japani, itaishia 90 kama ile ya mwanzo. Ikiwa imewekwa Marekani, itapanda kwa hatua ya 0.2, yaani 98.1, 98.3, 98.5. Capital FM ya 98.4 inarukwa kabisa, ingawa stesheni zenye namba kama 93.7 zitapatikana.

Kwa Afrika Mashariki, chaguo sahihi ni Ulaya. Ni kazi ya dakika moja, na imeokoa redio nyingi zisirudishwe.

Vitufe vya usukani na kamera ya nyuma

Gari lenye vitufe vya sauti kwenye usukani halilazimiki kuvipoteza. Kwenye magari mengi vitufe hivyo hufanya kazi kwa ukinzani wa umeme. Kila kitufe kina kiwango chake, na redio ya kisasa hufundishwa kimoja baada ya kingine kupitia nyaya zilizoandikwa KEY1 na KEY2. Magari mapya zaidi hutuma ujumbe wa kidijitali, na hayo yanahitaji kiboksi cha kutafsiri kinachouzwa kwa aina ya gari.

Kamera ya nyuma ina tahadhari yake. Redio hujua gari liko rivasi kwa waya unaotoka kwenye taa ya rivasi. Kamera za dukani hutumia volti 12, lakini baadhi ya kamera za kiwandani za Toyota hutumia volti 6. Fundi akiipa volti 12 bila kupima, kamera iliyotoka Japani ikiwa nzima inakufa siku hiyohiyo.

Upo pia waya wa breki ya mkono. Kazi yake ni kuzuia video isionekane gari likiwa linatembea. Mafundi wengi huufunga kwenye bodi moja kwa moja ili video ionekane muda wote. Abiria watafurahi, lakini dereva naye ataona. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata zaidi ya mita 20 kila sekunde, na kutupia jicho bongo fleva kwa sekunde mbili ni kuendesha mita 40 na zaidi bila kuona barabara.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumwachia fundi gari

Haijalishi fundi yuko Gerezani, Kirinyaga Road au chini ya mwembe mtaani. Mwenye gari anaweza kumpima kwa maswali machache:

1. Utatumia soketi ya kuunganishia au utakata nyaya? Jibu linalotakiwa ni soketi.
2. Utachomoa betri kabla ya kuanza? Waya hasi unapaswa kutoka kwanza.
3. Una mita ya kupimia umeme? Kama hana, kazi haijaanza.
4. Fyuzi ya redio itakuwa ya ampea ngapi? Iwe ileile iliyoandikwa na mtengenezaji.
5. Fremu na vishikizo vya pembeni vipo? Redio isishikiliwe na plastiki ya mbele peke yake.

Soketi za rangi ya njano zinazopita karibu na usukani na dashibodi ziachwe. Rangi hiyo kwa kawaida ni ya mifuko ya hewa inayookoa maisha ajali ikitokea.

Majaribio ya dakika tano kabla ya kulipa

Kazi ikikamilika, mwenye gari asikimbilie kuondoka. Yafanyike haya mbele ya fundi:

Funguo izungushwe, redio iwake. Funguo itolewe, redio izimike yenyewe. Iwashwe tena, stesheni na saa viwe palepale.

Sauti ipelekwe spika moja moja kwa kutumia menyu ya kusawazisha: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Ikisikika upande usio sahihi, nyaya zimepishana. Besi ikiwa nyembamba spika zote zikipiga, lakini inajaa kila moja ikipiga peke yake, kuna spika ambayo chanya na hasi zimegeuzwa.

Stesheni ya chini, ya katikati na ya juu zitafutwe. Taa ziwashwe kuona kama vitufe vinamulika. Gia iwekwe rivasi, picha itokee.

Honi, taa za hatari, AC na indiketa vijaribiwe pia. Vitu hivyo vina nyaya jirani na redio, na fundi anaweza kuchomoa soketi moja akasahau kuirudisha.

Mwisho, injini iungurume dakika tano huku muziki unapigwa. Kukisikika mlio mwembamba unaopanda na kushuka na mafuta yanavyokanyagwa, mara nyingi ethi haijakaa vizuri. Kukinuka plastiki inayoungua, redio izimwe na betri ichomolewe mara moja.

Redio ya zamani isiachwe kwa fundi

Mafundi wengi huomba wabaki na redio iliyotolewa, au hupunguza bei ya kazi kwa kuichukua. Mwenye gari afikirie mara mbili. Vishikizo vya chuma vya pembeni na skrubu zake ndivyo vinavyotakiwa kufungia redio mpya, na vikipotea kupata vingine vinavyolingana ni usumbufu. Redio yenyewe nayo ina kazi: siku gari likiuzwa, mwenyewe anaweza kuirudisha kwa kuchomeka soketi mbili na kuondoka na ile ya bei kubwa. Hilo linawezekana kwa sharti moja tu, kwamba siku ya kwanza hakuna aliyekata nyaya.